MAUMIVU YA KICHWA NA HADHARI YA KUZOEA VIDONGE

Ni wachache mno miongoni mwetu ambao hawajapata kuumwa na kichwa. Kwa kuwa jambo hili ni la kawaida, wengi hununua vidonge dukani, wakameza na kuendelea na kazi. Makala haya yanakusudia kuwaeleza watumishi na wananchi namna ya kuyatambua maumivu hayo na kuyatuliza bila ya kujidhuru.

Ubongo wenyewe hauhisi maumivu. Kinachouma ni utando unaoufunika, mishipa ya damu, pamoja na misuli ya kichwa na shingo. Aina iliyoenea zaidi ni maumivu ya mkazo, ambapo kichwa hubana pande zote mbili mithili ya kilichofungwa kitambaa. Huchochewa na uchovu, usingizi mchache, fikra nyingi na kuinamia kazi kwa saa nyingi. Aina ya pili ni kipandauso. Hiki hupwita, mara nyingi upande mmoja, hufuatana na kichefuchefu na kuchukia mwanga, na huweza kudumu kwa saa 4 hadi 72. Kipandauso ni maradhi, wala si uvivu. Mwenye kupatwa nacho apumzike penye giza na utulivu, na atumie dawa mapema.

Wapo pia wanaoumwa na kichwa siku za mwanzo za Ramadhani kwa kukosa maji na kahawa waliyoizoea. Hao wanashauriwa kupunguza kahawa kidogo kidogo tangu mwezi wa Shaabani, na kunywa maji ya kutosha baina ya futari na daku.

Kuhusu dawa, mtu mzima anaweza kumeza vidonge 2 vya parasetamoli vya miligramu 500, asirudie kabla ya kupita saa 4, na asizidishe vidonge 8 katika saa 24, kwani kuzidisha huharibu ini. Watoto walio chini ya miaka 16 wasipewe aspirini bila ya agizo la daktari.

Jambo lisilofahamika na wengi ni kuwa vidonge vyenyewe huweza kuleta maumivu. Mwenye kumeza parasetamoli siku 15 au zaidi kila mwezi, kwa zaidi ya miezi 3, huenda akaamka na kichwa kila siku. Kwa dawa zenye kodeini, siku 10 kwa mwezi zinatosha kuleta madhara hayo. Tiba yake ni kuziacha kwa uangalizi wa daktari. Maumivu huweza kuzidi mwanzoni, kisha yakapungua. Ni vyema kuandika katika daftari kila siku ya maumivu na kila kidonge kilichomezwa.

Mgonjwa apelekwe hospitali bila ya kuchelewa iwapo:

(a) maumivu yameanza ghafla na kwa ukali usiopata kutokea;
(b) yanafuatana na homa, shingo kukakamaa au degedege;
(c) kiungo kimelegea, au kusema na kuona kumeharibika;
(d) yamefuatia kuanguka au kupigwa kichwani;
(e) mgonjwa ni mjamzito aliyepindukia wiki 20;
(f) yameanza kwa mara ya kwanza baada ya umri wa miaka 50.

Mwenye homa apimwe malaria kabla ya kumeza dawa yake. Aidha, shinikizo la damu mara nyingi halina dalili. Kutoumwa na kichwa si ushahidi wa usalama. Wananchi wanahimizwa kulipima katika kituo cha afya kilicho karibu nao.