Kompyuta Bado Nzima, Mfumo Wake Umestaafu

Jumanne ya Oktoba 14, 2025 ilipita mtaani Langas kama siku nyingine yoyote. Kompyuta za saiba ziliwaka, printa zikatema karatasi, wateja wakaingia tovuti ya serikali ya eCitizen na kutoka na risiti zao. Hata hivyo, siku hiyo ndiyo Microsoft ilipokoma kuihudumia Windows 10, mfumo endeshi iliouzindua Julai 29, 2015 na ambao bado unaendesha kompyuta nyingi hapa Eldoret. Tangu hapo, mwenye Windows 10 ambaye hajajiandikisha katika mpango maalumu hapokei tena viraka vya usalama.

Kompyuta yenyewe haikuharibika. Ni kama matatu ambayo bima yake imeisha: itashuka mjini na kurudi mara kumi, lakini siku ya ajali mwenyewe ndiye atakayebeba hasara yote.

Ndiyo maana swali moja linarudi kila mara kwenye meza za mafundi: nipande Windows 11, nihamie Linux, ninunue Mac, au nibaki nilipo? Wengi hulijibu kwa kuuliza bei peke yake. Mimi nashauri tupime mambo matatu kwa pamoja: gharama, utegemevu, na miaka ambayo mfumo utaendelea kuhudumiwa kwenye mashine uliyo nayo. Hilo la tatu ndilo husahaulika, na ndilo linaloamua mengine.

Soma namba ya prosesa kwanza

Laptopu nyingi zinazouzwa mtaani ni mitumba iliyotoka maofisini Ulaya, zile tunazoziita ex-UK: HP EliteBook, Lenovo ThinkPad, Dell Latitude. Ni mashine imara, na ukizipata zimetunzwa vizuri zitakufaa miaka mingi. Shida ni kwamba Windows 11, iliyotoka Oktoba 5, 2021, ina masharti makali. Inataka RAM ya GB 4, nafasi ya GB 64 kwenye diski, chipu ya usalama ya TPM 2.0, na prosesa ya Intel ya kizazi cha nane au zaidi, ukiacha chache sana za kizazi cha saba. Kwa upande wa AMD, hesabu inaanzia karibu na Ryzen za mfululizo wa 2000.

Kuitambua prosesa si kazi ya fundi. Fungua mipangilio ya Windows, ingia sehemu ya mfumo, shuka hadi maelezo ya kompyuta. Utaona, kwa mfano, Intel Core i5-6300U. Tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo kizazi: hiyo ni ya sita. Ukiona i5-8350U, ni ya nane. Namba ikianza na 1, soma tarakimu mbili: i5-10210U ni ya kumi, i5-1135G7 ni ya kumi na moja.

Kwa hiyo EliteBook 840 G3, ambayo ni ya kizazi cha sita, haikubaliki kwenye Windows 11. G4 ya kizazi cha saba haikubaliki pia. G5 ya kizazi cha nane inakubalika. Muuzaji anaweza kukupunguzia kidogo kwenye G4 ukaona umepata bahati, kumbe punguzo hilo ni bei ya miaka ambayo Windows haitakuhudumia.

Bei ya bure na bei ya wizi

Windows 11 Home inauzwa na Microsoft kwa dola 139. Kwa kiwango cha Sh129 kwa dola, hiyo ni karibu Sh18,000, pesa zinazokaribia kununua laptopu nyingine ya mtumba. Lakini mwenye Windows 10 halali kwenye mashine inayokidhi masharti hupandishwa hadi 11 bila malipo. Tena, mashine nyingi za ofisini zilizotengenezwa tangu enzi za Windows 8 zina ufunguo wa leseni uliohifadhiwa ndani ya ubao mama. Fundi akikuambia ulipie Windows, mwombe kwanza aangalie kama mashine yako haina leseni yake tayari.

Kisha kuna Windows ya bei ya soda, ile inayofunguliwa kwa programu ya kuvunja leseni. Dalili ya hatari ni moja na iko wazi: programu hiyo hutaka uzime kinga ya virusi kabla ya kuiendesha. Anayekuomba uifungue milango yote hajakwambia ni nani mwingine atakayeingia. Kwenye kompyuta ya nyumbani ni hatari. Kwenye saiba ambako watu huandika nenosiri la mfumo wa kodi wa iTax na namba za kitambulisho kutwa nzima, ni hatari kwa mtaa mzima. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtaka anayeshughulikia taarifa za watu azilinde, na mwenye duka hawezi kujitetea kwamba fundi ndiye aliyeweka.

Linux ni bure kwa maana kamili. Ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, na leseni yake inaruhusu mtu yeyote kuinakili, kuibadilisha na kuigawa. Flashi moja inaweza kuwekea kompyuta ishirini mfumo bila kuvunja sheria yoyote. Uhuru huo ndio uliowawezesha wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kutoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, Desemba 2004. Gharama ya Linux iko kwingine: bando la kupakua, kwani Linux Mint, mojawapo ya matoleo yake, ni karibu GB 3, na siku chache za kuzoea.

Mac nayo ina hesabu yake. Tangu Oktoba 2013 Apple haitozi kitu kwa matoleo mapya ya macOS, ila mfumo huo umekusudiwa mashine za Apple pekee. Umeshalipa dukani. Anayewaza MacBook ya mtumba ajue kwamba toleo la mwaka 2025, Tahoe, ndilo la mwisho kuzipokea mashine zenye prosesa za Intel, tena baadhi tu. Atafute zenye chipu ya M1, zilizoanza kuuzwa Novemba 2020, au za baadaye.

Utegemevu haupimwi kwa sifa

Ukisikiliza mashabiki, Windows huganda na Linux haigandi kamwe. Ukifungua kompyuta zinazoganda, mara nyingi utakuta diski ya kuzunguka iliyochoka, feni iliyojaa vumbi au RAM isiyotosha. Kuondoa diski ya zamani na kuweka SSD hubadilisha maisha ya mashine kuliko kubadilisha mfumo.

Kwetu kuna pia suala la stima. Betri za mitumba nyingi hazishiki chaji, hivyo stima ikipotea laptopu inazima papo hapo. Windows na Linux zote hutunza kumbukumbu ya mabadiliko ya mpangilio wa faili kwenye diski ili zijirekebishe zikiwashwa tena, na kwa kawaida hufaulu. Hatari kubwa ni stima kupotea katikati ya sasisho. Usiruhusu sasisho kubwa lianze kwenye mashine isiyo na betri wakati mvua inanyesha na radi zinapiga.

Kuhusu virusi, tofauti ipo na inaonekana. Mteja anakuja na flashi yenye CV yake, unaichomeka kwenye Windows, na badala ya faili unaona njia za mkato tupu. Ukibonyeza moja, kirusi kinaruka kwenye mashine na kutoka hapo kinahamia kwenye flashi ya mteja anayefuata. Ichomeke flashi hiyo hiyo kwenye Linux: njia za mkato za Windows hazifanyi lolote, na faili zilizofichwa zinaonekana, unazichapisha na mteja anaondoka. Hiyo haimaanishi Linux haina udhaifu. Maana yake ni kwamba virusi vya mtaani viliandikiwa Windows, na kwamba mtumiaji wa Linux huchukua programu zake kutoka hazina moja inayokaguliwa badala ya kuziokota kila pembe ya intaneti.

Yapo matukio mawili ya kukumbuka. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilifunga kompyuta ulimwenguni kote na kudai fidia, ilhali Microsoft ilikuwa imetoa kiraka chake tangu Machi. Walioumia ni waliokuwa hawajasasisha, na waliokuwa kwenye mifumo iliyokwisha kustaafu. Kisha Julai 19, 2024 sasisho lenye kasoro la kampuni ya usalama ya CrowdStrike liliangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5. Kukosa masasisho kunaua, na sasisho baya nalo laweza kuua. Lakini la kwanza ni hatari ya kila siku. La pili ni ajali ya nadra.

Miaka mingapi imebaki?

Windows 11 hupokea viraka kila mwezi, na kila mwaka hupata toleo jipya linaloweza kula GB kadhaa. Kwa anayetumia bando la simu, hilo ni pigo. Tiba yake ni kuiambia Windows kwamba mtandao unaotumia unalipiwa kwa kipimo. Itapunguza upakuaji wa kichinichini. Unaweza pia kusimamisha masasisho kwa wiki chache, lakini usiyafungie kabisa.

Anayebaki Windows 10 kwa matumizi binafsi ana mpango wa nyongeza wa dola 30, karibu Sh3,900, au bila malipo akikubali kuhifadhi mipangilio yake kupitia akaunti ya Microsoft. Mpango huo unaishia Oktoba 13, 2026. Kwa biashara, ada ni dola 61 kwa kila mashine mwaka wa kwanza, na hupanda maradufu kila mwaka. Kwa laptopu ya mtumba, hesabu hiyo hailipi.

Wapo mafundi wanaolazimisha Windows 11 kwenye mashine zisizokubalika. Inawezekana. Lakini Microsoft imesema wazi kwamba mashine za aina hiyo hazina uhakika wa kupata masasisho, na masasisho ndiyo sababu ya kuhama.

Linux Mint 22, iliyotoka Julai 2024, itahudumiwa hadi 2029. Ubuntu 24.04, toleo jingine la Linux, inafika 2029 pia, na mtu binafsi anaweza kujiandikisha bure kwa kompyuta hadi tano ili huduma ifike miaka kumi. Zote zinaenda vizuri kwenye ile G3 iliyokataliwa. Mint hukuonyesha orodha ya masasisho na kukuacha uchague saa ya kuyapakua, na ina zana ya kupiga picha ya mfumo mzima ili urudi nyuma mambo yakiharibika.

Linux inapokwama

Haki ni kuutaja upande wa pili pia. Huduma zinazofanyika ndani ya kivinjari, kama eCitizen, KUCCPS na HELB, hazijali mfumo ulio nao. Lakini mteja wa biashara anayetaka kujaza ile fomu ya iTax ya Excel yenye amri za ndani, ambayo lazima ihakikiwe kisha ipakiwe, atahitaji Excel yenyewe. Kufikia Juni 30, siku ya mwisho ya ritani, duka lisilo na Windows hata moja litapoteza kazi.

Vilevile, vijitabu vya mazishi na kadi za harusi vimezoeleka kutengenezwa kwa Publisher. LibreOffice, programu ya ofisi inayotumika kwenye Linux, hufungua faili zake, ila mpangilio huweza kuhama. Afadhali kuanza kujizoesha, maana Microsoft imetangaza kwamba Publisher yenyewe itaisha Oktoba 2026. Baadhi ya skana na mashine za fotokopi hazina programu za Linux. Na anayesoma packages chuoni atatahiniwa kwa Word, Excel na Access. Usimhamishe kabla ya mtihani.

Uamuzi wangu

Kwa duka la kompyuta nne, weka moja ya kizazi cha nane au zaidi yenye Windows 11 halali kwa kazi za iTax, vijitabu na mafunzo. Tatu zinazobaki, za kizazi cha sita au saba, ziwekee Linux Mint, SSD na RAM ya GB 8, zifanye kazi za mtandaoni na uchapishaji. Kwa mwanafunzi ambaye chuo chake kinataka Microsoft, asinunue chini ya kizazi cha nane. Kwa matumizi ya nyumbani, barua, sinema na kuvinjari, Linux kwenye mashine uliyo nayo inatosha, na huhitaji kununua kitu. Mac inamfaa mhariri wa video au mbunifu mwenye kipato cha kuirudisha pesa yake.

Kabla ya kuhama, nakili faili zako zote kwenye diski ya pembeni. Kisha iwashe Linux kutoka kwenye flashi bila kuiweka kwenye mashine, ujaribu Wi-Fi, sauti, printa na skana. Kikikataa kimoja, zima na uchomoe flashi. Windows yako haijaguswa. Na kama uko dukani na pesa mkononi, mwambie muuzaji aiwashe laptopu, soma namba ya prosesa mwenyewe, ndipo mzungumze bei.