Krismasi kwa nyanya: Mpigie simu kabla ya kukata tiketi

Pasaka ya mwaka wa 2020 iliwakuta wakazi wa Nairobi wamefungiwa. Marufuku ya kutoka jijini ilianza Aprili 6 na haikuondolewa hadi Julai 7. Kulikuwa na watoto ambao tangu Machi hawakuwa wamemwona nyanya yao ila kwenye simu. Ilipofika Desemba, barabara zilikuwa wazi, na mzazi alijiuliza kama alikuwa anampelekea mama yake wajukuu au ugonjwa.

Wengi huamua bila kumuuliza mwenyewe. Mmoja anaghairi safari kimyakimya, mwingine anatokea langoni na watoto watano. Lakini nyanya mwenye kisukari au presha ndiye aliye hatarini zaidi, na ana haki ya kuulizwa. Wapo watakaojibu kwamba wamekula chumvi ya kutosha, waletewe wajukuu wao tu. Hapo mzazi asianze kubishana. Aulize watoto watalala wapi.

Mchana si kazi kubwa. Chakula kitaliwa chini ya mwembe, kibuyu chirizi kitaning'inizwa karibu na lango. Shida ni usiku, maana wajukuu wamezoea kurundikana chumbani mwa nyanya, madirisha yamefungwa kwa kuogopa mbu. Walale kwa mjomba, au chumba kingine, dirisha likiwa wazi na neti imetundikwa.

Kupimwa joto stejini kusimdanganye mtu. Dalili huweza kuchukua siku 2 hadi 14 kujitokeza, na mtoto anaweza kuwa na virusi bila kukohoa hata mara moja. Anayeweza, awaweke watoto nyumbani wiki mbili kabla ya safari, mbali na sherehe za majirani. Mmoja akishikwa na homa, safari isimame, hata kama nauli imeshalipwa. Na nauli yenyewe mwaka wa 2020 haikuwa haba, kwa kuwa matatu ya abiria 14 iliruhusiwa kubeba 8 tu. Kafyu nayo Desemba hiyo ilianza saa nne usiku, kwa hivyo aliyekwenda mbali ilimbidi aondoke alfajiri.

Mtoto wa miaka mitatu hataelewa kwa nini asirukie mapaja ya nyanya. Afundishwe salamu nyingine mapema, kama mchezo: kupunga mikono yote miwili, au kuimba akiwa amesimama uani. Nyanya naye aelezwe kwenye simu hiyohiyo, asije akadhani mjukuu amemkataa.