Vitenge vinavyodanganya macho

Katika vikundi vya ushonaji tunaketisha pamoja akina mama waliotoka vijiji vilivyogombana. Kila mmoja analeta mabaki ya vitenge vyake.

Tunakata vipande virefu vya sentimita 6, tunaviunganisha ubavu kwa ubavu, toka rangi nzito hadi nyepesi. Halafu tunakata kwa kukingama, vyembamba na vipana. Kila kipande tunakisogeza hatua moja, tukipanda kisha tukishuka, na kushona tena. Ukisimama mbali unaona mawimbi, ingawa kila mshono umenyooka.

Mwanzoni kila upande ulishona kwa kipimo chake. Mawimbi yakakatika, tukafumua yote. Sasa tunapatana kipimo kwanza, ndipo tunashika sindano.