Retro ni ya Wenye Stima

Kanairo saa hii imepiga rivasi. Shuka Luthuli utapata msee anauza Nokia 3310, ile ya kufufuliwa 2017, na wateja wake hawajatoka ocha. Ni mamanzi wa ofisi wenye tayari wako na smatifoni mbili. Wanaitaka ya kuweka juu ya meza kwa kafe, watu wajue hawasumbuliwi na WhatsApp. Ingia Gikosh, jezi ya Serie A ya miaka ya tisini, imefifia hadi namba ya mgongo haisomeki, inaenda bei kali kuliko mpya. Wikendi kuna bash ya zilipendwa, rapa E-Sir anapigwa na watoi wanaimba neno kwa neno, na wengine walizaliwa akiwa ashadedi, 2003 hiyo. Ati wanamiss. Wanamiss nini na hawakuwepo?

Sina ubaya na hiyo rieng. Mimi mwenyewe nimeficha Brick Game kwa droo, na betri za rimoti zikipotea kwa keja, mathe huja kwa hiyo droo kwanza. Kile kimenisumbua ni kitu moja: hii kumiss vitu za kitambo inahitaji nini ndio ikubambe? Ju si kila mtu inamkubali.

Kuna msee wa Kisangani, kule Kongo, ananyoa hapa Kayole. Lingala inagonga kwake kuanzia asubuhi, mara nyingi Loi ya Koffi Olomide ya 1997, na ukijichanganya useme Koffi ni wa Kinshasa, atasimamisha mashine katikati ya kichwa chako akukumbushe Koffi alizaliwa Kisangani 1956, enzi hizo jiji likiitwa Stanleyville. Unakaa hapo na nusu kipara mpaka somo liishe. Sasa kuna siku kijana mmoja kwa foleni alikuwa anaringia watu na katululu yake ya retro. Kinyozi akaishika, akaibonyeza bonyeza, akauliza bei. Kuskia bei akacheka hadi akakaa kwa kiti ya wateja. Akasema, kwa kile Kiswahili chao cha kule: "Kwetu hakuna bintu bya kale, ndugu. Kuko bile binatumika na bile biliharibika."

Hiyo laini imenikaa kwa kichwa. Na ukitaka kuiona kwa macho, nenda kwao, Wagenia.

Kama huna rada: Mto Kongo, ukiwa bado unaitwa Lualaba, unashuka maporomoko saba kutoka upande wa Ubundu hadi Kisangani. Ni kama kilomita 100, na kwa huo urefu wote maji yanateremka mita 60 hivi tu. Usitarajie kitu ya kuanguka kutoka mbinguni kama Thomson's Falls ya Nyahururu. Hapa mteremko ni mpole, lakini maji ni mengi ya kutisha. Hayo ndiyo maporomoko ya Boyoma. La mwisho liko mlangoni mwa jiji, na wavuvi wa hapo, Waenya, ndio dunia imewazoea kama Wagenia.

Picha yao umeshaiona hata kama hukujua ni wapi. Magogo marefu yamesimama katikati ya povu, yamefungana na kukingamana, na vikapu vikubwa vimening'inia. Hebu tuicheki hiyo mashine pole pole, ju watu huipiga picha wakaishia. Siri iko kwa mwamba. Kuna vishimo kwa jiwe, na hapo ndipo gogo linachomekwa ndio mto usilibebe. Gogo kwa gogo zinaunganishwa na miti ya kulala, zinakazwa kwa kamba za msituni, hakuna msumari. Kikapu kinafumwa kwa fito, mdomo mpana wa kuingia mtu mzima, mkia umechongoka, na mdomo unaangalia kule maji yanatoka. Samaki akishabebwa na mkondo akaingia, maji yenyewe yanamgandamiza kule mwisho, kugeuka hawezi. Hakuna chambo wala kifuniko. Nguvu yote ni ya mto. Kazi ya mwanaume ni kutembea juu ya hayo magogo yameloa, maji yakinguruma chini ya miguu, avute kikapu kwa kamba acheki kama leo kuna dishi. Mafuriko yakibeba miti, wanarudi msituni wanakata mingine. Na huwezi kuamka tu ukajichagulia kona ya kutega. Sehemu ni za koo, mzae anamwachia mtoi.

Stanley, yule Mzungu mpelelezi, alipopita hapo Januari 1877 akipigana na watu wa mto, mitego ilikuwa kazini. Miaka kumi baadaye, 1887, Tippu Tip wa Unguja alifanywa gavana wa Stanley Falls, yaani Boyoma hiyo hiyo, na ni kwa njia ya wasee kama hao Kiswahili kilifika huko, ndio leo mimi na kinyozi tunabishana bila mkalimani. Wabelgiji wakaja wakaenda, Rais Mobutu akaja akaenda, na kikapu bado kinapeleka samaki soko. Mtalii anafika, analipa, anapandishwa mtumbwi, anapiga picha ya "Afrika ya zamani". Kijana mwenye anapiga kasia amevaa jezi ya Barça na ako na simu kwa mfuko. Kwake hiyo ni job ya leo.

Hapo ndipo nikaanza kuelewa bei ya retro. Ndio kitu kiwe retro, lazima kwanza kitu kingine kikiue. Walkman ya Sony ilitoka 1979, ikauliwa na CD, CD ikauliwa na simu, na sasa ju hakuna mtu anahitaji Walkman, unaweza kuipenda bila stress. Pale mpya haijafika, au imefika na haina stima ya kuiwasha, ya zamani haipati nafasi ya kufa. Kisangani iko na bwawa lake kwa Mto Tshopo, la enzi ya Mbelgiji, na mitambo imechoka; stima ni ya zamu. Mahali kama hapo, simu ya batani yenye inashika chaji siku kadhaa si luku. Ni akili.

Kuna gejeti moja ya upande huo yenye ilikufa kweli, na hiyo nikisoma kuihusu mimi hushika kichwa. Ngoma ya Walokele. Hawa ni watu wa mto, chini kidogo ya Kisangani, pande za Yakusu. Ngoma yenyewe ni gogo limechimbwa ndani likaachiwa mpasuko juu, upande mmoja unatoa sauti nzito, mwingine nyembamba. Lugha yao ni ya kupanda na kushuka, kwa hivyo ngoma inapiga ule mpando na mshuko tu, herufi hazipo. Ngori ni kwamba maneno mengi yana mpando mmoja, msikilizaji wa ng'ambo atajuaje ni lipi? Wakatafuta dawa: kila neno likapewa mkia, sentensi nzima ya kulielezea, ndio lisichanganyike na lingine. Mmishenari Mwingereza, John Carrington, alikaa huko akajifunza kuzipiga na akatoa kitabu juu yake 1949. Sasa fikiria. Sisi na SMS ya herufi 160 tulikuwa tunanyofoa vokali, "nko poa, uko wp", ndio tuokoe kredo. Mlokele alikuwa anarefusha ndio aeleweke. Na habari ilikuwa inavuka mto usiku kabla ya msee yeyote kuvaa viatu. Hiyo ikirudi kwa bash yoyote ya retro, nitalipa kiingilio.

Baadaye ikaja foni. Kongo, enzi ikiitwa Zaire, ilikuwa na simu ya mkononi mapema kuliko sisi, hiyo watu wengi hawajui: Telecel ilianzishwa 1986 na Miko Rwayitare huko Kinshasa, na hizo Motorola nzito zilikuwa za vigogo wa Mobutu na wasee wa madini. Mwananchi wa kawaida wa mbali alibaki na foni, yaani redio ya mawimbi mafupi kwa chumba kidogo, betri ya gari chini ya meza, waya wa antena umevutwa kati ya miti miwili. Unapanga laini, opereta anaita mji wa pili, wanamtafuta mtu wako, anakuja mbio. Halafu unabonga shida zako zote, pesa, mimba, matanga, na foleni nzima inasikiza. Ukimaliza unasema "à vous" ndio mwenzako aanze. Sisi tulilia ati simu ya jamii haina siri. Hatukujua kitu.

Toleka nayo kinyozi anaimiss, hii alikiri. Hizo ni baiskeli za abiria, bodaboda yao, zilitawala Kisangani vita ilipokausha petroli. Kiti cha nyuma kilishonewa mto wa nguvu, wengine wakatia na nakshi, na dereva alikuwa na mapaja ya kubeba jiji. Kisha pikipiki za China zikamwagika, toleka ikasukumwa pembeni. Nilimwuliza kama angependa zirudi. Akaniangalia vile unamwangalia mtu amesahau kulipa. Alimiss mto wa kukalia, akasema. Ile jasho ya kukanyaga apewe mwingine.

Hata Hollywood ilikuja huko kutafuta ukale. 1951 John Huston alileta Humphrey Bogart na Katharine Hepburn kushuti The African Queen kwa mto Ruiki, pande za Ubundu. Miaka michache baadaye Audrey Hepburn akawa Stanleyville kwa The Nun's Story. Ile boti ya filamu ilitengenezwa Uingereza 1912, ikapiga kazi kwa maji ya huku kwetu, na leo iko Key Largo, Florida, inabeba watalii. Hiyo ndiyo retro kamili: chuma kilichochoka kazi ya Afrika, wakakitengeneza Marekani, wakaweka tiketi.

Lakini kuna mahali hii stori hunikwama. Hapa Nai ukisema "mwaka 2000" watu wanaanza kutabasamu, ni stori za utoto, bano, blada, katuni za Jumamosi. Nokia 3310 ilitangazwa Septemba ya mwaka huo. Miezi mitatu kabla, kuanzia tarehe 5 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana siku sita ndani ya Kisangani, jiji lisilo la yeyote kati yao, mabomu yakaanguka kwa manyumba na raia kwa mamia wakafa. Februari 2022 Mahakama ya Haki ya Kimataifa iliiamuru Uganda ilipe Kongo dola milioni 325 kwa uharibifu wa vita yake yote huko Kongo, si hizo siku sita tu. Hiyo 2000 kinyozi alikuwa mtoi. Toi anayoikumbuka ya mwaka huo ni maganda ya risasi. Walikuwa wanayapuliza kama filimbi, wanashindana nani analia juu zaidi. Alinieleza akikwangua ndevu za mtu, hata hakuinua macho. Ukitaka kufungua bash ya "mwaka 2000" kwa watu wa huko, tafuta kwanza jibu la hiyo.

Na usidhani hawamiss kitu. Wanamiss sana, ila ni vitu tofauti na vyetu. Mzee wa Kisangani akianza za kale, atakuambia juu ya meli za ONATRA, shirika la usafiri la serikali, zile za kusukuma matishari kutoka Kinshasa, safari ya kilomita kama 1,700, soko zima likielea na nyani wa kukaushwa, sabuni na redio. Atakuambia meli ilikuwa na siku ya kuondoka na siku ya kufika. Atakuambia juu ya treni ya Ubundu, iliyoanza 1906 kuzunguka maporomoko. Sisi tunamiss rangi ya kifaa, wao wanamiss ratiba. Mimi naona wao ndio wana sababu.

Kwa hivyo mbogi ya retro, sijakataza mtu kujibamba. Lakini kama deki ya mzae imekufa hapo kwa sitingi rumu, usiitundike ukutani uiite sanaa. Mara nyingi kinachoisha ni ule mkanda wa mpira wa ndani, fundi wa Luthuli anauweka na hakunyongi bei. Ipeleke ifanye kazi yake. Na ukibahatika kufika Wagenia, lipa ya picha kabla hujatoa simu, kisha nunua samaki. Wanakuuzia kama mtu mwingine yeyote.