Elly Karuhanga: wakili, mbunge na mwenyekiti wa benki

Mfanyabiashara wa Kuluva anayepanda gari kwenda Arua kuweka fedha zake benki huenda hajawahi kulisikia jina la Elly Karuhanga. Hata hivyo, safari ya kikazi ya mwanasheria huyu inagusa swali linalomhusu mfanyabiashara huyo moja kwa moja: fedha zake ziko mikononi mwa nani?

Karuhanga ni mmoja wa waanzilishi wa Kampala Associated Advocates, kampuni mashuhuri ya mawakili nchini Uganda. Aliwahi pia kuwa mbunge wa Nyabushozi, eneo la wafugaji magharibi mwa nchi. Kisha akaonekana kwenye bodi za makampuni, ikiwemo Tullow, iliyotafuta mafuta kando ya Ziwa Albert, na dfcu, iliyoanzishwa mwaka 1964 ili kugharimia maendeleo na ambayo baadaye iligeuka kuwa benki ya biashara.

Mwenyekiti wa bodi hakai dirishani kuhesabu noti. Kazi hiyo, pamoja na utoaji wa mikopo, ni ya mkurugenzi mtendaji na wafanyakazi wake. Bodi huweka sera na kuhakikisha kuwa sheria inafuatwa. Hapo ndipo wakili anapohitajika, kwani mkopo ni mkataba, na rehani ya shamba pia ni mkataba.

Karuhanga alikuwa mwenyekiti wa dfcu wakati wa tukio kubwa kuliko yote katika historia ya benki hiyo. Oktoba 2016, Benki Kuu ya Uganda iliitwaa Crane Bank kwa sababu mtaji wake ulikuwa umepungua mno. Januari 2017, mali na madeni ya Crane vikahamishiwa dfcu kwa shilingi bilioni 200. Wateja wakajikuta na akaunti katika benki ambayo hawakuichagua.

Kwa baadhi yao haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 2012 National Bank of Commerce ilifungwa na wateja wake wakapelekwa Crane. Miongoni mwa wenye hisa wa benki hiyo alikuwa Amama Mbabazi, naye mwanasheria na mbunge, na wakati huo akiwa Waziri Mkuu. Cheo chake hakikuiokoa benki.

Bunge nalo liliingilia kati. Kamati iliyoongozwa na Abdu Katuntu (mwanasheria mwingine!) ilichunguza jinsi benki saba zilivyofungwa. Ripoti yake ya Februari 2019 iliilaumu Benki Kuu kwa kutofuata taratibu na kwa kutotunza kumbukumbu ipasavyo. Lawama hizo zilikuwa nzito, kwa maana Benki Kuu ndiyo inayotarajiwa kuzifundisha benki nyingine nidhamu.

Kisheria, wakurugenzi wa benki ni lazima waidhinishwe na Benki Kuu, na mtu mmoja haruhusiwi kumiliki zaidi ya asilimia 49 ya hisa. Benki ikifilisika kabisa bila kupata mnunuzi, Mfuko wa Kulinda Amana humlipa kila mteja hadi shilingi milioni 10 katika benki hiyo. Anayedai zaidi ya hapo husubiri mali za benki ziuzwe. Kwa hiyo mfanyabiashara wa Koboko mwenye akiba ya milioni 30 katika benki moja ana milioni 20 zisizo na kinga ya mfuko huo.