Mataji kumi, makofi machache

Wahenga walinena kidole kimoja hakivunji chawa. Lakini chawa akishavunjwa, ni nani aulizaye vidole vilikuwa vipi?

Julai 2004 tulikaa barazani hapa Mombasa, kahawa mkononi, tukimsifu Maria Sharapova, binti wa Kirusi wa miaka 17 aliyemshinda Serena Williams katika fainali ya Wimbledon. Katika mashindano yayo hayo Cara Black wa Zimbabwe alitwaa mataji mawili: moja pamoja na Rennae Stubbs wa Australia, jingine na kakake, Wayne. Barazani hakuna aliyemtaja. Nami, mwenye kalamu, niliandika habari za Sharapova, za Mwafrika mwenzangu nikaziacha. Leo nalipa deni.

Cara alizaliwa Harare mwaka 1979. Babake, Don, aliyepata kucheza Wimbledon, alitengeneza viwanja vya nyasi shambani mwao, kati ya miparachichi. Hapo ndipo Cara na kaka zake, Byron na Wayne, walipolelewa na raketi mkononi.

Alipocheza peke yake hakupanda kupita nafasi ya 31 duniani. Bali walipocheza wawili kwa wawili, alikaa kileleni kwa jumla ya majuma 163. Mataji makubwa alipata kumi: matano na wanawake wenziwe, matano na wanaume.

Siri ni nini? Tenisi ya wawili ni kama chombo baharini: mmoja ashike usukani, mwingine demani. Mpira ulio wa mwenzio humwachia, hata kama mkono wako wawasha.

Tazama yeye na Liezel Huber, mzaliwa wa Afrika Kusini. Katika fainali ile ya 2004 Liezel alikuwa ng'ambo ya pili ya wavu, akashindwa. Mwaka 2005 wakaungana, wakatwaa Wimbledon. Kisha Australia na tena Wimbledon mwaka 2007, na Marekani mwaka 2008. Walipoachana mwaka 2010, Cara hakuzama. Mwaka huo huo alishinda Australia na Wimbledon akiwa na Leander Paes wa India.

Basi ndugu zangu, siku mtakapoona wanne uwanjani, msiondoke barazani. Nami sitaweka kalamu chini.