Sehemu Huanzia Nyumbani: Namna ya Kumwelewesha Mtoto Nusu na Robo

Sehemu ni miongoni mwa mada za Hisabati zinazowatatiza wanafunzi wengi wa shule za msingi. Mtoto aliyezoea kuwa 4 ni kubwa kuliko 2 hushangaa kuambiwa kuwa 1/4 ni ndogo kuliko 1/2. Asipoielewa sababu mapema, hubaki akikariri, na ugumu huo humfuata katika desimali, asilimia na uwiano.

Msingi wa mada hii unaweza kujengwa nyumbani kwa vitu vya kila siku, na haumlazimu mzazi au mlezi kuwa mtaalamu wa Hisabati.

Jambo la kwanza ni usawa. Chapati ikikatwa vipande viwili visivyolingana, hakuna kipande kinachostahili kuitwa nusu. Mtoto akunje karatasi mwenyewe, kisha aweke upande mmoja juu ya mwingine ili ahakikishe kuwa pande zote zinalingana. Watoto wanaogawana chakula hutambua upesi mgao usio wa haki, na utambuzi huo ndio mwanzo wa somo.

Jambo la pili ni kulinganisha. Karatasi mbili za ukubwa mmoja zikunjwe katikati, moja mara moja na nyingine mara mbili. Zikikunjuliwa, ya kwanza itaonesha sehemu 2 na ya pili sehemu 4. Mtoto aulizwe: chapati moja ikigawiwa watu wawili, au watu wanne, ni wapi kila mmoja atapata kipande kikubwa zaidi? Hapo ataona mwenyewe kuwa kadiri vipande vinavyoongezeka, ndivyo kila kimoja kinavyopungua.

Jambo la tatu ni lugha. Kiswahili kina majina ya sehemu yanayotumika kila siku: nusu, theluthi, robo na thumuni, yaani 1/8. Robo kilo ya sukari ni gramu 250, hivyo robo nne hutimiza kilo. Saa mbili kasorobo ni dakika 15 kabla ya saa mbili kamili, kwa kuwa robo saa ni dakika 15. Katika vipimo vya zamani, pishi moja ni vibaba vinne, hivyo kibaba ni robo ya pishi.

Baada ya hapo ndipo zifuate alama. Katika 3/4, namba ya chini, yaani asili, huonesha kitu kizima kimegawanywa katika sehemu ngapi zilizo sawa. Namba ya juu, yaani kiasi, huonesha ni sehemu ngapi zilizochukuliwa.

Mtoto akikosea, asikaripiwe, bali arudishwe kwenye karatasi aone tena. Kazi ya kukata kwa kisu ifanywe na mtu mzima. Aidha, ni vema mzazi awasiliane na mwalimu ili mazoezi ya nyumbani yaendane na hatua ambayo mtoto amefikia darasani.